Plagi ikikatikia ndani ya injini, usikimbilie drili

Plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli, ikikatikia ndani ya silinda hedi (kipande cha alumini kinachofunika silinda kwa juu), karibu kila mara hutoka bila kufungua hedi. Nimezitoa nyingi, nyingine kwenye magari yaliyovutwa kwa kamba hadi gereji, na mwenye gari ameshaambiwa aanze kutafuta injini nyingine. Kinachoharibu kazi ni yale yanayofanyika dakika chache baada ya kukatika: bomba linachomekwa kwenye mpini wa racheti kuongeza nguvu, drili inaletwa, nyundo inaanza kulia.

Chukua injini ya 1NZ ya Toyota, ile ya IST na Probox, maana ndiyo imejaa barabarani kwetu. Plagi zake zimekaa chini kabisa ya mashimo marefu, membamba. Sili za rokakava, kile kifuniko cha juu ya hedi, zikichoka, oili inashuka humo na kuungulia kwenye plagi, vumbi nalo linanatia juu yake. Chuma cha plagi kinashikana na alumini ya hedi. Siku ya kuifungua, kichwa kinatoka na boksi spana, sehemu yenye nyuzi za kukazia inabaki chini.

Hapo acha kuzungusha. Chungulia kwa tochi uone kama kauri, ile sehemu nyeupe, imetoka yote. Vipande vyake ni vigumu kuliko ukuta wa silinda, na kimoja kikidondokea ndani kitachora mistari kila pistoni inapopanda. Fyonza vipande na uchafu wote kwa mpira mwembamba uliofungwa kwenye vakyumu, mashine ya kufyonza vumbi. Usipulize kwa kompresa, utavisukuma chini. Kisha zungusha krenki kwa spana, taratibu, hadi pistoni ya silinda hiyo ifike juu wakati valvu zake zote zimefungwa. Kama huna uhakika, fungua rokakava uangalie kamu, zile nundu zinazosukuma valvu. Hata kikidondoka kitu, kitakaa karibu, na hakitaingia kwenye valvu.

Dondoshea mafuta ya kulegeza kutu, matone machache tu, uache usiku kucha. Mteja atalalamika. Mweleze. Usiku mmoja ni nafuu kuliko hedi.

Kesho yake ndiyo kazi ya ekstrakta, kifaa cha kung'olea chuma kilichokatikia ndani, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ile ya msokoto, kadiri unavyoizungusha ndivyo inavyotanua gamba la plagi (kile chuma chenye nyuzi kilichobaki humo), na gamba linazidi kubana kwenye alumini. Mimi natumia ya pembe nne, zenye kingo zilizonyooka. Ipake grisi, ishushe, igonge kidogo kwa nyundo nyepesi hadi ing'ate. Kumbuka chini ya gamba kuna ule mkono mdogo wa plagi uliopinda. Ncha ya ekstrakta ikiufikia itauvunja, na utaangukia juu ya pistoni. Kwa hiyo pima urefu kwa plagi nzima kabla hujagonga.

Zungusha kwa mpini wa T, mikono miwili, nguvu sawa pande zote. Ukihisi chuma kinajipinda kama springi bila gamba kusogea, simama. Ekstrakta ni ngumu lakini inavunjika kirahisi, na ikikatikia humo drili ya kawaida haiitoboi. Ongeza mafuta, pasha joto eneo hilo kwa mashine ya hewa moto, jaribu tena. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, kwa hiyo tundu linalegea. Moto wa gesi usiulete: alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, hutapata onyo lolote, na mvuke wa petroli uko karibu.

Gamba likitoka, fyonza tena, ingiza kamera ndogo ya simu uangalie juu ya pistoni. Kuna kipande usichoweza kukitoa? Hapo sasa hedi ifunguliwe, bila ubishi. Kama pako safi, pitisha tapu, kifaa cha kusafishia nyuzi za tundu, iliyopakwa grisi, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, fungua na zile plagi nyingine tatu (namna yake iko mwishoni), kisha piga stata kidogo mafuta yaliyobaki yatoke.

Plagi mpya ianze kwa mkono, ikiwa imeshikwa na kipande cha mpira, mizunguko kadhaa kabla ya boksi kuguswa. Za uzi wa milimita 14 zenye washa (pete ya chuma ya kuzibia) hukazwa kwa kawaida kati ya Newton mita 20 na 30. Angalia kitabu cha gari lako. Bomba kwenye racheti ndilo lililoleta shida tangu mwanzo.

Zile nyingine tatu zilikazwa siku moja na hiyo iliyokatika, na nazo zimezeeka. Usizivute kwa mkupuo. Legeza robo mzunguko, dondoshea mafuta, kaza kidogo, subiri, legeza tena. Ikianza kulia, irudishe nyuma kabla hujaendelea.