Maswali ya Wasomaji: Fonti Nene za Brashi

SWALI: Nimeandika "Vifaa vya Shule" kwa fonti ya brashi kwenye bango la duka. Ukilitazama kwa makini unajua ni kompyuta, si mkono. Kasoro iko wapi? (Mbunifu, Morogoro)

JIBU: Iko kwenye "Vifaa". Fundi mwenye brashi hawezi kuchora a mbili zikafanana mpaka mikwaruzo ya nywele za brashi. Kufikia ya pili rangi imeshapungua. Fonti hurudia umbo lilelile, na maneno yetu yamejaa irabu pacha: saa, mzee, choo.

Fonti zilizotengenezwa vizuri hubeba maumbo mawili au matatu ya herufi moja. Kwenye programu ya Illustrator fungua paneli ya glifu (orodha ya maumbo yote ya herufi yaliyomo kwenye fonti), kisha iwekee a ya pili umbo jingine. Fonti yako ikiwa haina akiba hiyo, geuza maandishi kuwa mchoro (Ctrl+Shift+O), izungushe a ya pili nyuzi 2 au 3, ipunguze kidogo, uvute mkia wake. Inatosha. Na kama herufi zake hushikana, usiongeze nafasi kati yake, maana viungo vitaachana.

SWALI: Nikikata stika, kisu kinapita katikati ya neno pale herufi zinapoungana, halafu vipande vidogo vinabanduka. (Karakana ya stika, Mombasa)

JIBU: Hayo ni matatizo mawili. Kwenye fonti zinazoshikana, kila herufi ni umbo kamili lililoilalia jirani yake. Kwenye skrini hulioni hilo kwa kuwa rangi ni moja, lakini plota (mashine inayokata stika) hufuata kila mzingo. Ukitumia programu ya Inkscape, geuza maandishi kuwa mchoro (Shift+Ctrl+C), tenganisha kundi (Shift+Ctrl+G), kisha unganisha yote kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Kabla ya kukata, kagua kwa mwonekano wa mistari mitupu.

Vipande vinavyobanduka ni alama za nywele za brashi: visiwa vidogo visivyo na gundi ya kutosha kushika. Futa vyote vilivyo chini ya milimita 2. Ctrl+L hupunguza nukta za ukingoni, ila ibonyeze mara moja tu. Ukiibonyeza mfululizo ukali wake huongezeka, na herufi hulainika hadi sura ya brashi inapotea. Mteja aking'ang'ania mikwaruzo ibaki, chapisha neno kwenye stika nyeupe, ukate kwa kuzunguka nje tu. Usibishane na kisu.

SWALI: Fonti niliyopakua bure naweza kuitumia kwenye nembo ya mteja? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Soma faili la leseni lililokuja nayo. Fonti nyingi za brashi ni bure kwa matumizi binafsi pekee, na nembo ya mteja ni biashara. Permanent Marker na Pacifico, zilizomo kwenye Google Fonts (maktaba ya fonti za bure mtandaoni), zinaruhusu biashara. Matoleo ya majaribio mara nyingi hayana tarakimu wala kiapostrofi, kwa hiyo andika kwanza "Ng'ombe 0123456789" kabla hujamwonyesha mteja chochote.