Swali la lugha: Ncha ya bawa la ndege imekunjwa au imepindwa?

Msomaji wa Mwanza, ambaye kazi yake ni kutafsiri habari za uchukuzi, ametuandikia hivi: "Niliandika sentensi hii: 'Ndege huyo ana mbawa yaliyokunjwa juu ili kupunguza msuguano wa hewa na kuboresha ufanisi wa mafuta.' Mhariri ameirudisha akisema ina makosa, ila hakunionyesha yako wapi. Tena naomba kujua: kile kipande kinachosimama kwenye ncha ya bawa tukiite kibawa au wingleti?"

Mhariri hakukosea. Makosa yenyewe yanastahili kuchambuliwa moja moja, kwa sababu mawili kati yake nayaona karibu kila habari ya ndege inayoandikwa kwa Kiswahili.

Ya upatanisho tuyamalize haraka. Ndege mwenye manyoya ni kiumbe, kwa hiyo ni ndege huyu, anaruka, ametua. Ndege ya abiria ni chombo: ndege hii, inaruka, imetua. "Ndege huyo" kwa chombo ni kosa hata kama sentensi nzima inazungumzia mabawa. Halafu kuna bawa na ubawa. Bawa wingi wake ni mabawa: bawa lililonyooka, mabawa yaliyonyooka. Ubawa wingi wake ni mbawa: mbawa zilizonyooka. Wewe umechukua nomino ya huku ukaivisha kiambishi cha kule, ukapata "mbawa yaliyokunjwa". Zote mbili ni Kiswahili safi, lakini kwa chombo nakushauri ushike bawa na mabawa, maana ndivyo wengi wanavyosema.

Sasa tuje kwenye kitenzi, na hapa ndipo ninapotaka tukae. Kitu kilichokunjwa kinaweza kukunjuliwa. Mkeka unakunjwa na kukunjuliwa, na shati vivyo hivyo. Kupinda ni jambo jingine: ni kukitoa kitu kwenye mnyoofu wake kikabaki hivyo, na ukitaka kirudi unakinyoosha. Hukipindui, kwa sababu pindua imeshika njia yake yenyewe, ya kugeuza juu chini, hadi ikatupa mapinduzi. Abiria anayekaa dirishani ndani ya Boeing 737-800, aina ambayo Kenya Airways imeirusha miaka mingi, akitazama mwisho wa bawa ataona limepanda juu kwa mviringo laini usio na kona, kimo chake karibu mita 2.5, mrefu kumpita mtu. Kipande hicho kimetoka kiwandani au karakana kikiwa hivyo, na hakuna rubani awezaye kukishusha. Kimepindwa, hakikukunjwa.

Na tofauti hii si ya kamusi tu, kwa sababu ndege yenye ncha zinazokunjwa kweli ipo. Boeing 777X, iliyoruka mara ya kwanza Januari 2020, ina upana wa mita 71.8 kutoka ncha hadi ncha inapokuwa angani. Upana huo hauingii kwenye maegesho ya viwanja vingi, yaliyopimwa kwa ndege zisizofika mita 65. Ikishatua, ncha zake hukunjwa na upana ukashuka hadi chini kidogo ya mita 65. Kabla ya kuruka hukunjuliwa. Mwandishi akisema mabawa ya 737-800 yamekunjwa, siku atakapoandika habari ya 777X atakosa neno la kumweleza msomaji kipya ni kipi.

Kosa zito zaidi ni msuguano. Litazame neno lilivyoundwa: sugua, suguana, msuguano. Ile -an- inatuambia kwamba viko vitu viwili vinavyogusana na kukwaruzana. Msuguano wa hewa upo kweli, ni wa hewa kupita juu ya ngozi ya ndege. Lakini kipande cha nchani hakiupunguzi. Kwa kuwa kimeongeza eneo linaloguswa na hewa, kinauongeza kidogo. Sentensi yako, ndugu msomaji, inasema kinyume cha kinachotokea.

Kinachopungua ni kitu kingine. Bawa linapobeba ndege, kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake kwenye uso wa bawa, huwa kubwa chini yake kuliko juu yake. Kwenye ncha hakuna ukuta wa kuzitenganisha, basi hewa ya chini huzunguka ncha ikipanda juu, na bawa likisonga mbele hewa hiyo huachwa nyuma ikisokota kama kisulisuli kilicholala. Aliyewahi kupiga kafi ndani ya mtumbwi ameona vijizunguko vya maji vinavyobaki kila kafi inapopita. Ni jambo la namna hiyo hiyo. Nguvu ya kuisokotesha hewa yote hiyo inatoka kwenye injini, yaani kwenye mafuta. Huu ndio ukinzani unaozaliwa na kazi yenyewe ya kunyanyua ndege, nao huwa mkubwa zaidi ndege inapokwenda polepole ikiwa nzito, kama pale inapopaa.

Kwa hiyo neno la jumla la nguvu zote zinazoirudisha ndege nyuma liwe ukinzani wa hewa, kutokana na kinza. Msuguano ni tawi moja la ukinzani. Tawi lile la visulisuli liite ukinzani wa mnyanyuko. Usiliite "ukinzani wa mwinuko", maana mwinuko tumeshaupa kazi ya kutaja ndege iko juu kiasi gani, na marubani wanautegemea kwa maana hiyo.

Wazo la kuziba ncha ni la zamani. Frederick Lanchester wa Uingereza alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya vibao vya mwisho wa bawa mwaka 1897, kabla injini haijamrusha mtu yeyote. Aliyelifanya likafaa ndege za leo ni Mmarekani Richard Whitcomb wa NASA, shirika la Marekani la anga, katika miaka ile ya 1970 ambapo bei ya mafuta ilipanda ghafla. Alichapisha kazi yake mwaka 1976. Hakuweka kibao bapa cha kuizuia hewa tu, alikichonga kipande kile kiwe bawa kamili lenye umbo la kupitishia hewa, ili hewa inayopanda nchani ikisukume kidogo kuelekea mbele. Learjet 28, ndege ndogo ya jeti, iliruka nacho mwaka 1977, na majaribio ya NASA kwenye ndege ya kijeshi aina ya KC-135 mwaka 1979 na 1980 yakathibitisha kwamba mafuta yanaokolewa. Kwa ndege za abiria, watengenezaji hutaja punguzo la asilimia 3 hadi 5 kutegemea aina ya ndege na urefu wa safari.

Historia hii nimeileta kwa sababu inajibu swali lako la jina. Whitcomb alitengeneza bawa dogo juu ya bawa kubwa, kwa hiyo Kiswahili kina haki kabisa ya kusema kibawa, wingi vibawa. Usiseme "kijibawa": ile -ji- tunaihitaji kwa mashina ya silabi moja, kama mto unavyotoa kijito na mti ukatoa kijiti. Bawa lina silabi zake mbili, halina upungufu huo. Tatizo la kibawa ni kwamba kuna waandishi wanaolitumia pia kwa vile vipande vinavyoshuka nyuma ya bawa ndege inapotua. Liondoe shaka mwanzoni kwa kuandika kibawa cha nchani, kisha endelea na kibawa peke yake. Wingleti sina ugomvi nalo midomoni mwa mafundi, na matamshi yake yanakubalika kama yalivyokubalika ya Anglikana, lenye ngl ile ile, ila gazetini kibawa kinajieleza chenyewe. Sharklet ni jina la biashara ambalo kampuni ya Airbus huviita vibawa vyake; liache lilivyo, usiligeuze kuwa papa.

"Kuboresha ufanisi wa mafuta" nako kumekaa vibaya. Mafuta hayana ufanisi. Ufanisi ni wa ndege. Sema ndege inatumia mafuta kidogo, na katika mazungumzo inakula mafuta kidogo.

Sentensi yako basi ningeiandika hivi: "Ndege hiyo ina vibawa nchani, vilivyopindwa kuelekea juu ili kupunguza ukinzani wa hewa, na hivyo inatumia mafuta kidogo zaidi."

Kabla ya kuituma, hakikisha ndege unayoiandika inavyo kweli. Simama mahali pa kuziona ndege za Air Tanzania pale Dar es Salaam. Airbus A220 ina vibawa. Q400 ya mapangaboi haina. Ncha zake ni za kawaida. Boeing 787 Dreamliner nayo haina: bawa lake linazidi kuchongoka na kulala nyuma kadiri linavyokaribia mwisho, na kazi ya kupunguza visulisuli inafanywa na umbo hilo. Hapo andika "ncha zilizolazwa nyuma". Na ukikuta 737 MAX, kila bawa lina vibawa viwili nchani, kimoja kimeelekea juu na kingine chini, kwa hiyo "kibawa cha kila bawa" haitatosha.