Fundo la pindo la khanga

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Tanga hatujambo, ila goti la baba yako linamsumbua mvua ikinyesha. Umeniuliza waandishi wa hadithi wanapata wapi muda, maana wewe ukitoka kazini ukapita na foleni za Dar, unafika nyumbani hoi. Muda hawaupati, mwanangu, wanauiba. Shaaban Robert, aliyezaliwa hapa kwetu Vibambani mwaka 1909, alikuwa karani wa forodha, akatumikia na idara nyingine za serikali, na vitabu akaviandika humo humo. Ngũgĩ wa Thiong'o, yule mwandishi wa Kenya, mwaka 1978 yuko gereza la Kamiti, kawekwa ndani bila kesi, anaandika riwaya kwenye karatasi za msalani. Mimi niliandika alfajiri, kaunta buku mapajani, utambi wa kandili nimeushusha msije mkaamka. La muda ndilo hilo.

Linaloninyima usingizi ni zile kurasa tatu ulizonitumia. Yule mzee wako anayekohoa mara mbili kabla ya kusema uongo, namjua. Ninaishi naye mwaka wa 38 huu.

Siku zote nakwambia hadithi huanzia masikioni, mkono unafuata. Waandishi wote niliokaa nao wana tabia hiyo moja: daladalani, msibani, kwenye foleni ya zahanati, wanasikiliza yasiyowahusu. Mtu analia, nawe unalia naye kwelikweli, lakini kuna kipande cha moyo kimekaa pembeni kinashika alivyosema. Siku tuliyomzika bibi yako niliona kijana kavaa kandambili mbili, moja ya bluu, moja nyekundu. Ninazo mpaka leo.

Kisa cha mamako mkubwa unakijua nusu, ile anayoisimulia yeye. Mwaka 1994, wewe uko darasa la kwanza, gazeti moja lilichapa hadithi yangu ya mwanamke anayeficha pesa za cherehani kwenye pindo la khanga, usiku anazihesabu kwa vidole bila kulifungua fundo. Nilimbadili jina, nikamhamishia Pangani, nikamfanya mwembamba. Jirani akamsomea kibarazani, mbele ya watu.

Alikuja jioni. Hakugomba, na heri angegomba. Alikaa mkekani, akalifungua fundo kwa meno, akazipanga noti mbele yangu moja moja. "Umeandika elfu tano," akasema. "Zilikuwa elfu kumi na mbili. Ukiniandika tena, hesabu vizuri." Akazifunga, akaondoka, chai hakuigusa.

Kwa miaka miwili nikiingia jikoni kwake mazungumzo yanakatika. Mimi, ambaye hadithi zangu zote zilianzia jiko lile! Masikio yalikosa kazi, na mkono ukalala. Kile kisa cha mwisho alichokuwa akinisimulia, cha mvuvi na mkwewe, hakukimalizia, na mimi sikuthubutu kukiuliza.

Utasema ningemwomba ruhusa. Angekataa. Basi ningeiacha? Bila fundo lile hadithi ilikuwa maiti, nililijua hilo wakati naandika. Lakini lilikuwa fundo lake, na mumewe naye anajua kusoma. Kila nikisema nilikosa, naikumbuka ile aya ya vidole gizani, na sijawahi kuandika aya nzuri kuliko ile. Kila nikisema sikukosa, naziona zile noti mkekani. Unataka nikwambie mzee yule umfute au umwache. Neno liko mdomoni, mwanangu, nalimeza, kwa sababu mimi sikuambiwa na mtu, na ninamjua baba yako kuliko ninavyokijua kitabu chako.

Kurasa zako nimeziweka chini ya khanga zangu sandukuni. Jana baba yako kaniuliza unaandika nini huko. Nikamwambia muulize mwenyewe akija Idi.

Mama yako