Uchomeleaji wa Kufuata Utaratibu Ulioandikwa

Ndugu uliyeuliza kutoka Chang'ombe, Dodoma: umechoka na mageti, kila mteja na mchoro wake, unataka kazi ambayo hatua zake zimeshaandikwa. Nenda kwenye uchomeleaji wa mabomba ya shinikizo au ukaguzi wa viungo vilivyochomelewa.

Kwenye mabomba, waraka wa taratibu unakuamulia karibu kila kitu: elektrodi, ampia, mkao, joto la kuanzia. Mara nyingi kila mdomo wa bomba hukatwa kwa mteremko wa nyuzi 30, na mwanya kati ya mabomba huachwa milimita 3 hivi. Pasua ganda la elektrodi ya milimita 3.2, kunja waya wake kama V, uweke katikati ya mabomba, ushike mabomba kwa nukta nne za kuchomelea, kisha uuchomoe. Mwanya ukibana, mzizi, yaani mshono wa kwanza wa chini, hauivi. Mtihani wa uchomeleaji umeanguka hapo hapo.

Elektrodi za E7018, zile za hidrojeni kidogo, zisipate unyevu. Unyevu huingiza hidrojeni kwenye chuma, na ufa unaweza kutokea saa kadhaa baada ya kazi kupoa, wakati wewe umeshasaini. Hapo mafundi wengi wazuri huharibikiwa.

Ukaguzi ndio ningekushauri zaidi kwa tabia yako. Mfano rangi ya kupenya, inayoingia kwenye nyufa na kuzionyesha: safisha, kausha, paka nyekundu, subiri angalau dakika 10, futa kwa kitambaa chenye kisafishio kidogo, puliza nyeupe, ambayo huvuta nyekundu nje ya ufa ionekane. Usipulize kisafishio moja kwa moja kwenye kiungo, kitaondoa rangi ndani ya ufa na utapitisha kitu kibovu.

Anza na VETA, chuo cha ufundi stadi, hapo Dodoma, upate cheti cha uchomeleaji kwanza.