Unataka kutengeneza kisomaji chako cha tresi? Usianzie kwenye kuchora

Mkuu umeuliza uanze na laibrari gani ya kuchora, maana unataka kutengeneza programu huria ya kusomea tresi inayojitegemea, yaani mtu anapakua faili moja, anabofya, inafunguka, hakuna kusimamisha seva wala kusakinisha mazagazaga mengine. Naona wenzangu wameshakutajia Qt, laibrari ya kutengeneza madirisha na vitufe, na wawili huko juu wanabishana kuhusu lugha. Mimi ya kwangu niliitengeneza usiku na wikiendi kwa kama miaka miwili na naitumia mpaka leo, na kuchora ndiko kulikonisumbua kidogo kuliko yote. Ngoja nikupe nilipopigwa.

Kwa wanaopita tu: tresi sio logi. Logi ni sentensi mtu kaamua kuiandika, tresi ni rekodi ya kila kitu kidogo kilichotokea, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) imetoa thredi hii (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) kwenye CPU 2 ikaweka ile, thredi imeingia kwenye kerneli kusoma faili, imetoka, kila tukio na muda wake kwa nanosekunde. Mashine ikiwa na kazi inatema matukio laki kadhaa kwa sekunde, ukirekodi dakika moja unaongelea mamilioni kwa mamilioni, na skrini yako ina pikseli 1,920 kwa upana. Hapo ndipo kazi ilipo.

Toleo langu la kwanza nilisoma ile JSON ya Chrome, faili la maandishi la tresi lenye ts na dur (tukio lilianza lini na lilichukua muda gani) na pid na tid (namba ya mchakato na ya thredi), kila tukio nikaligeuza objekti kwenye memori na kila objekti nikaichorea mstatili. Kwenye faili langu la mfano lilipendeza kweli, nikajiona fundi. Jamaa wa kazini akaniletea faili la giga mbili, nikalifungua mbele yake, RAM ikajaa, mashine ikaganda na kipanya nacho kikaganda, nikashikilia kitufe cha kuzima huku ananiangalia.

Kumbe swali ambalo kisomaji kinalijibu muda wote sio "nionyeshe matukio yote", ni "saa hii hapa, kila CPU ilikuwa inafanya nini?" Na jibu lake halipo pale ulipobofya. Chukua sched_switch, tukio ambalo kerneli ya Linux inaliandika kila inapobadilisha thredi kwenye CPU, linakuambia thredi gani imetoka na ipi imeingia, basi. Ukiruka katikati ya tresi ukakuta CPU 3 haina tukio lolote kwenye dirisha lako, haimaanishi imelala, inawezekana kuna thredi iliingia zamani huko kushoto na bado inakula. Ili ujue lazima urudi nyuma, na ukirudi mpaka mwanzo wa faili kila mtu anapoburuta kipanya umekwisha. Nilichofanya, napita faili mara moja tu linapofunguliwa, na kila baada ya matukio 50,000 napiga picha ya hali nzima, nani yuko kwenye kila CPU, kila thredi inasubiri au inakimbia, naitupa kwenye faili la indeksi pembeni. Ukiruka popote natafuta picha iliyo nyuma yako kwa kugawa nusu kwa nusu, nasoma kuanzia pale, mwisho kabisa ni matukio 50,000, ambayo hata huyahisi. Trace Compass, kisomaji huria cha tresi kilichopo tayari, wao wameenda mbali zaidi, wana mti wa historia wanaouandika kwenye diski, kila hali na muda ilipoanza na ilipoisha. Kama una subira kaangalie walivyoufanya kabla hujaandika mstari wa kodi, mimi nilikuja kuelewa nimechelewa.

Ukirudi mbali uone dakika nzima kwa mpigo, pikseli moja inabeba maelfu ya matukio. Hapo unahitaji mihtasari iliyoandaliwa mapema, ngazi ya chini vipande vidogo vya muda, ngazi ya juu yake vipande virefu mara mbili, hivyo hivyo mpaka juu kabisa, halafu unachagua ngazi ambayo kipande kimoja ni kama pikseli moja. Rahisi kusema. Ishu ni kipande kionyeshe rangi gani? Mimi niliweka rangi ya hali iliyochukua muda mrefu zaidi, ikaonekana ni akili. Tulikuwa tunamtafuta mchawi wa kuchelewesha sauti, na mchawi mwenyewe ni interapti (kifaa kuikatiza CPU kazi yake) ya mikrosekunde 30 ndani ya pikseli iliyobeba milisekunde 5, kwa hiyo programu yangu ikawa inamficha kila mara kwa uaminifu kabisa, mpaka uvute karibu sana pale pale alipo, na kama unajua alipo unamtafutia nini? Sasa hivi rangi ya aliyetawala inabaki lakini juu yake nachora kistari chembamba kwa vitu adimu. Inachafua mchoro kidogo, lakini bora uchafu huo.

Bagi iliyonichosha kuliko zote ni ya muda. Sehemu ya kuchora nilikuwa nashika muda kwa namba za desimali za biti 64, si ndivyo watu wengi wanavyofanya? Namba hizo zinashika namba kamili bila kukosea mpaka 2 kwa kipeo cha 53, yaani kama 9 na sifuri 15. Nanosekunde tangu 1970 sasa hivi zimeshapita 1.7 mara 10 kwa kipeo cha 18. Ukiiweka hiyo humo inarukaruka kwa hatua za nanosekunde 256! Nikizumu nikawa naona matukio matatu tofauti yamekaa juu ya mstari mmoja, nikadhani kerneli ina matatizo (aisee, nilivyo na kiburi). Dawa: muda wote ubaki namba kamili ya biti 64, toa mwanzo wa dirisha kwanza, ndipo ugeuze ile tofauti kuwa desimali. Usigeuze kabla ya kutoa.

Halafu kuna hili ambalo ningeweza ningeliandika kwa wino mwekundu. Bafa ya kurekodia, yaani memori matukio yanapokaa kabla ya kuandikwa kwenye diski, ikijaa, matukio yanatupwa. Kwenye CTF, fomati ya faili la tresi inayotumiwa na LTTng (kirekodi cha tresi cha Linux), kila pakiti, yaani fungu la matukio, ina events_discarded inayohesabu yaliyotupwa. Mimi nikaipuuza. Nikakaa wiki nzima naituhumu thredi moja ya database kwamba imeshika CPU milisekunde 90 bila kuachia, nikaandika mpaka ripoti, kumbe sched_switch zake zote za katikati zilitupwa. Nikaona aibu nikaongeza hesabu, nayo nikaikosea, nilijumlisha namba za pakiti zote wakati ile kaunta inaendelea kupanda tangu mwanzo wa strimu (mfululizo wa pakiti, kwa kawaida mmoja kwa kila CPU), unatakiwa utoe ya pakiti iliyopita. Siku hizi kwenye pengo naweka mistari ya kijivu na sichori hali yoyote pale, hata kama nina uhakika wa kubahatisha.

Kusoma CTF usiandike mwenyewe, tumia Babeltrace 2, laibrari ya kusoma tresi, unaiita kutoka C au Python, inakuunganishia strimu za CPU zote kwa mpangilio wa muda. Kuchora nimetumia Dear ImGui, laibrari nyingine ya kuchora, inatosha, Qt nayo inatosha, tuendelee.

Na kabla hujaanza jaribu vilivyopo. Perfetto, kisomaji cha Google, inafunguka kwenye brauza lakini faili linachakatwa hapo hapo kwenye mashine yako na unaliuliza kwa SQL, KernelShark ipo kwa wanaotumia trace-cmd (kirekodi kingine cha tresi za kerneli ya Linux), Trace Compass ina toleo la kujitegemea. Mimi nilianza ya kwangu kwa sababu nilitaka matukio ya programu yetu yawe na mwonekano wake, na mwaka mzima baadaye ndio nikagundua Trace Compass inakuruhusu kuandika uchambuzi wako kwa XML. Sikuacha, nilishaipenda ya kwangu.

Kingine, ukishaiachia huria watu watakuletea "haifunguki" bila faili, na ukiomba faili hawatoi. Sio ubishi, tresi ina majina ya mafaili, ya michakato, wakati mwingine amri nzima mtu alizoandika, kazini kwake hawamruhusu. Nilipoandika kifaa kidogo cha kubadilisha majina yote kuwa namba na kuacha muda kama ulivyo ndipo mabagi ya maana yakaanza kufika. Andika hicho mapema, ni jioni mbili tu.

Wewe una tresi za aina gani, za kerneli au za programu yako mwenyewe? Kama unaweza rekodi sekunde tano, hesabu matukio mangapi kwa kila CPU na mangapi yametupwa, ulete hapa, maana ile 50,000 yangu kwako inaweza kuwa kubwa mno.