Kabla Hujamnunulia Mtoto Kobe wa Maji Marekani

Mwaka tuliohamia Houston, nilimnunulia binti yangu kobe mdogo wa maji kando ya barabara, yule wa kijani mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, aliyeenea kwenye kiganja cha mtoto wa miaka mitano. Muuzaji alinihakikishia kwamba hakuna sheria inayomhusu, nami nikamwamini.

Siku nilipomwekea rula mgongoni, gamba lake halikufika hata inchi 2. Tangu mwaka 1975, sheria ya shirikisho inakataza kuwauzia watu kobe ambaye gamba lake halijafika inchi 4, yaani kama sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwashika kobe wadogo, hata kuwatia mdomoni, kisha wakiugua kutokana na bakteria wa salmonela. Kobe mwenye bakteria hao huonekana mzima kabisa. Kama tayari unaye, mtoto anawe mikono kwa sabuni kila anapomgusa, na tangi lisioshewe jikoni.

Pamoja na sheria hiyo, kila jimbo lina zake, na hizo ndizo zilizotuumiza zaidi. Miaka minne baadaye nilipata kazi Oregon, ambako kobe wa aina hii ni marufuku kufugwa, kwa kuwa akiingia bwawani hugombania chakula na mahali pa kuota jua na kobe wenyeji wa huko. Tuligundua hayo zikiwa zimebaki wiki tatu tuhame, na kobe wetu amekuwa mpana kama kisahani cha chai, anakula majani ya letasi mkononi mwa binti yangu. Wako walioshauri tumwachie mtoni usiku. Nilikataa, na nawe nakusihi ukatae, kwani mnyama wa kufugwa anaweza kupeleka magonjwa kwa wale wa porini. Tulipiga simu nyingi mpaka kituo kimoja cha kutunza kobe kikampokea, na binti yangu alilia njia nzima.

Kwa ndugu zetu walioko Ulaya, kobe huyu yumo tangu mwaka 2016 katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya viumbe vamizi: haruhusiwi kuuzwa wala kuzalishwa, ila aliyekuwa naye kabla ya hapo aliruhusiwa kumtunza hadi afe, mradi asitoroke.

Kwa hiyo iandikie idara ya wanyamapori ya jimbo lako kabla ya kutoa pesa, utaje jina la kisayansi, Trachemys scripta elegans, maana majina ya dukani hubadilika, kisha uhifadhi jibu lao. Uliza pia kuhusu jimbo unalofikiria kuhamia, kwa kuwa kobe huyu akitunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 20.