Maji kwenye moyo wa mtoto tumboni
Pole mdogo wangu wa Kongwa. Kuambiwa kwenye ultrasaundi ya wiki ya 22 kwamba mtoto ana maji kuzunguka moyo kunakata maini. Mimi nilitoka chumbani na jeli bado tumboni, sijaifuta.

Uliza: ni milimita ngapi, na yapo kwingine? Chini ya milimita 2 huwa kawaida. Yakiwa peke yake na moyo mzima, mara nyingi hukauka yenyewe. Ya mwanangu yalikauka. Yakiwepo pia tumboni mwake, kuzunguka mapafu au chini ya ngozi, hilo ni zito: huenda ni hitilafu ya moyo, upungufu wa damu, maambukizi au kasoro ya kromosomu (vibeba urithi ndani ya seli).

Omba rufaa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mtoto apimwe moyo kwa kina. Akipunguza kucheza, nenda hospitali siku hiyo hiyo.